Tairi la Akiba

Magari mengi madogo tunayonunua kutoka Japani hayana tairi la akiba. Ukiinua zulia la buti unakuta pampu ndogo ya umeme na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Watengenezaji walitaka gari liwe jepesi, linywe mafuta kidogo, na buti iwe na nafasi. Kwa anayezunguka Kitengela tu, sina ubishi: fundi wa pancha hayuko mbali.

Lakini wengine wetu huipita Isinya, wakaenda Kajiado, Bisil, hadi Namanga. Dawa ile huziba tundu dogo la msumari au mwiba wa mgunga. Tairi likichanika ubavuni kwa jiwe au ukingo wa lami, haisaidii kitu. Tena dawa yenyewe ina tarehe ya kuisha, na ni wachache wanaoisoma. Usiku, na watoto ndani, malori yakipita kwa kasi, ndipo utakapojua uzito wa kilo chache ulizoepuka.

Mimi nasema beba tairi la akiba, hata lile jembamba la muda, mradi usizidishe kilomita 80 kwa saa. Usisahau jeki, spana inayoingia kwenye nati zako, na pembetatu za tahadhari. Kisha, kabla hujawasha gari asubuhi hii, tafadhali lipime tairi hilo upepo. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo mtupu.