Kadari na Mkono wa Breki

Jirani yangu alikuja baada ya Magharibi, mkono wa kushoto umefungwa shingoni kwa kanga ya mkewe, wa kulia umeshika metikali mia tatu. Siku nne kabla alikuwa amevunjika mtulinga kwa baiskeli yangu. Nilimvutia kiti, akakataa kukaa.

"Kaka, hizi ni za breki. Mali ya mtu nimeivunja mikononi mwangu."

"Acha hayo, ndugu yangu. Pona kwanza."

"Ni kadari ya Mungu. Hakuna wa kulaumiwa."

Nikaitikia: "Ni kadari."

Tangu usiku ule sijaacha kulifikiria jibu langu hilo. Fedha sikuzipokea, lakini pole nilizipokea, na msamaha nikaupokea, msamaha wa mtu asiyejua anachosamehe.

Baiskeli yenyewe ni ya milima, ya mtumba. Niliinunua Mtwara nikaivusha mto Ruvuma kutoka Kilambo hadi Namoto, kwa sababu matairi yake manene yanaumudu mchanga wa huku kwetu. Mwezi uliopita mpwa wangu alijikwaa nayo kwenye kisiki cha mkorosho. Usukani ulijipinda, mkono wa breki ya mbele ukapiga chini, ukakunjika kwa nje kama kidole kilichoteguka. Mtoto alichubuka goti tu. Tukamshukuru Mungu, nikachukua plaizi nikaunyoosha.

Mikono ya breki ya zile baiskeli nyeusi za zamani ilikuwa ya chuma. Chuma hicho ukikikunja na kukikunjua kinavumilia. Hii ya siku hizi ni ya aluminiamu, nayo haisamehe. Ukiipinda mara moja imeshadhoofika, na ukiinyoosha unamalizia kazi iliyoanzwa na ajali. Nilipoukaza kwa plaizi nilisikia mlio mdogo, tik, kama kucha inayokatwa. Nikauinamia. Karibu na pini palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikaupitishia kidole, nikafuta vumbi, nikapaka grisi. Uani nikaisukuma baiskeli na kubana breki, gurudumu likasimama. Nikajiambia: nikienda mjini Palma nitatafuta mwingine.

Palma nilikwenda. Sikutafuta.

Jirani alipokuja kuiazima ili ashuke bondeni shambani kwake, nilimwambia, "Tairi la nyuma limepungua upepo, liangalie." Nasema haya kwa uchungu: nilimtajia ila ndogo, kubwa nikaimeza. Na sikuwa nimeisahau. Jicho langu lilipita kwenye ule mkono wa breki wakati nikimkabidhi.

Kwenye mteremko wa kuelekea bonde la Ruvuma uzito wa mpanda baiskeli huelemea mbele, na breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Alibana kwa nguvu zake zote, mkono ukakatika palepale penye mstari. Breki ya nyuma peke yake iliburuza gurudumu mchangani, yeye akaishia korongoni.

Huku neno kadari si neno la kujazia maongezi. Kijiji chetu Wareno walikiandika Nhica do Rovuma, sisi hutamka Nyika. Mwaka 2021, Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi, watu walikimbilia msituni, na njia ya wengi ilipita huku. Walifika wamevimba miguu, mama na watoto wa watu wengine mgongoni, wazee wasiojua waliwaacha wapi wenzao. Walipoulizwa, walisema: kadari. Neno lile lilikuwa tegemeo lao la mwisho, wakilishika kama mtu ashikavyo mti katika mafuriko. Mimi nililichukua neno hilohilo nikafunikia plaizi yangu.

Je, kadari inatosha kuwa jibu? Nilisoma madrasa, na masimulizi ya mabishano ya Nabii Adam na Nabii Musa, ambayo Bukhari na Muslim wote wameyapokea, nayajua tangu utoto. Musa anamlaumu Adam kwa kututoa peponi, Adam anamjibu kwamba hilo lilikwisha kuandikwa kabla hajaumbwa, na Adam ndiye anayeshinda. Mvivu anaweza kuishia hapo na kulala usingizi. Lakini mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alieleza kwamba Musa alilalamikia msiba uliowapata wanadamu, yaani kutolewa peponi. Hakumlaumu Adam kwa dhambi, kwa kuwa dhambi ilikwisha kutubiwa. Ndipo wanazuoni wakaifupisha kanuni: kadari ni hoja katika msiba, si hoja katika aibu.

Maneno yote mawili tunayo katika Kiswahili, msiba na aibu, ila hili la pili tumelipunguza. Tukisema aibu tunafikiria uso na macho ya watu. Kwa asili yake ya Kiarabu, aibu ni kasoro ya kitu: ufa wa mtungi, ugonjwa wa mbuzi anayeuzwa. Fikihi ina mlango mzima unaompa mnunuzi haki ya kurudisha mali kwa sababu ya aibu aliyofichwa. Na Mtume alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu, mwenye mali alisema ni mvua. Mvua ni kadari, na nani aliyeileta kama si Mungu? Bado mwenye mali akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione.

Kuanguka kwa mpwa wangu kulikuwa mvua. Grisi niliyopaka ndiyo chakula kikavu nilichofunikia juu. Kwa hiyo jirani yangu aliposema kadari alisema kweli, maana yeye alikuwa anausema msiba wake. Mimi niliposema neno lilelile nilisema uongo.

Asubuhi nilivitoa vipande viwili vya ule mkono na kwenda navyo kwake. Alikuwa ameketi chini ya mwembe. Nikamwekea vipande kiganjani, upande uliokatika ukiwa juu. Nusu ilikuwa inang'aa kama sarafu mpya, hiyo ndiyo iliyokatika siku ile mteremkoni. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi, grisi na vumbi vimeshaingia ndani, kwa kuwa ilikuwa imepasuka wiki kadhaa kabla. Hakuhitaji kuelezwa. Aliikwaruza sehemu nyeusi kwa ukucha wa kidole gumba.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alikaa kimya muda mrefu. Mkewe alitoka na maji, akatutazama, akarudi ndani. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba palizi ya shamba la bondeni haisubiri mfupa. Vile vipande hakunirudishia.

Leo ni siku ya tano naingia shambani kwake. Nashuka ule mteremko kwa miguu kabla jua halijapanda.