Mia Tano Dhidi ya Mtaa Wangu

Bao liliingia dakika za mwisho, na upande wetu wote wa uwanja wa Serani ukaruka. Mimi nilibaki nimekaa.

Ningeweza kusema jua lilinipiga machoni sikuona vizuri. Niliona vizuri sana. Niliona krosi ikitoka kushoto, nikaona kijana wetu namba saba akimtangulia beki, nikaona wavu ukitikisika. Shida ni kwamba nilikuwa nimeweka shilingi 500 na kinyozi wetu kwamba siku hiyo tutafungwa.

Jina la timu yetu silitaji, kwa sababu vijana wake bado wanapita barazani petu Kibokoni na bado tunaamkiana. Inatosha ujue kwamba ilikuwa mechi ya ligi ya chini, zile ambazo hazionyeshwi kwenye runinga yoyote. Wageni walikuwa wanaongoza ligi na walitaka ushindi wabaki kileleni. Sisi tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Wao walikuja na basi, na jezi za akiba, na daktari mwenye begi lake. Sisi tulikuja kwa miguu, tukapita Ndia Kuu, tukapita Fort Jesus, wachezaji na mashabiki wamechanganyika njia moja, mmoja amebeba mipira kwenye wavu begani.

Dau lenyewe lilianza kwa maneno ya kinyozini, kama madau mengi. Kinyozi alisema mwaka huu hatushuki. Nikacheka. Akasema, "Basi weka pesa pale mdomo wako ulipo kimbelembele." Nikasema mia tano wageni wanashinda. Yeye akasema mia tano hawashindi. Tukapeana mikono, akaendelea kunichonga ndevu.

Nitangulize jambo moja. Najua kamari ni haramu kwetu, na ami yangu angekuwa ndiye anayeandika haya angemalizia hapo. Sibishani na hukumu hiyo. Lakini kizazi chetu kinabeti. Nenda baraza lolote, nenda stendi yoyote ya bodaboda, utakuta mtu anakagua mkeka wake kwenye simu. Kwa hivyo nataka kuuliza swali ambalo linabaki hata kwa yule asiyeona ubaya wowote kwenye kubeti: je, kuna ubaya kuweka pesa dhidi ya watu wako mwenyewe?

Siku ile nilikaa na ami. Ami ni mtu wa makamo yaliyopita. Alikuwa mtoto mwaka 1965, Feisal ya hapa Mombasa ilipochukua ubingwa wa Kenya, na tangu hapo hakuna klabu ya Pwani iliyoutwaa tena. Bandari walikaribia, wakamaliza wa pili mwaka 2018 na wa pili tena msimu wa 2018/19, mara zote mbili nyuma ya Gor Mahia. Kwa hivyo ami amengoja karibu umri wake wote, na kungoja huko hakukumfanya awe mtu wa matumaini. Tulipokuwa tunanunua kachri za muhogo mlangoni aliniambia, "Leo watatufunga tatu hawa. Yule beki wetu wa kati mzito kama jahazi lenye shehena."

Ishike sentensi hiyo, nitairudia.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Kipindi cha pili, saa ya mchezo ikiwa imepita kidogo, wageni wakafunga kwa kona. Watu wakanyamaza. Ami akatikisa kichwa, akasema, "Si nilisema?" Mimi nilihisi kitu ambacho sikukitarajia: nilihisi raha. Si furaha ya kurusha mikono, hapana. Ni ile raha ya mtu aliyepokea ujumbe wa M-Pesa. Nikajifanya nimesikitika, nikapiga paja langu kwa mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu ya kwanza, kwamba niliigiza.

Halafu likaja lile bao letu. Namba saba ni kijana wa jirani. Mamake hutuuzia mahamri na mbaazi asubuhi, na mimi mwenyewe niliwahi kumfungia kamba za viatu akiwa darasa la tatu. Alikimbia hadi kwenye kona, wenzake wakamwangukia. Ami, na magoti yake yale, aliruka hadi kofia ikamwanguka. Alipoinama kuiokota alinitazama. Nilikuwa bado nimekaa. Nikasimama haraka, nikapiga makofi, lakini kulikuwa kumeshapita sekunde mbili au tatu, na sekunde hizo aliziona.

Mechi iliisha moja kwa moja. Tukarudi kwa miguu. Hakusema kitu mpaka tulipofika karibu na Fort Jesus, ndipo akauliza, sauti ya chini kabisa kama anayeuliza bei ya samaki, "Uliweka ngapi?"

"Mia tano, ami."

"Haya." Akaendelea kutembea. Hakurudia jambo hilo tena mpaka leo.

Angenigombeza ingekuwa rahisi, kwa sababu ningejitetea, na utetezi nilikuwa nao tayari. Nimekuwa nikiutoa kichwani tangu siku ile, na kila nikiutoa naona mahali unapovuja.

Utetezi wa kwanza: sikumdhuru mtu. Sikumhonga kipa, sikumpigia refa simu. Matakwa yangu hayasukumi mpira. Nikiketi pale Serani nikitamani tufungwe, au nikitamani tushinde, krosi ile ingekuja vilevile.

Hoja hii ina nguvu, na dunia ya soka yenyewe imewahi kupambana nayo. Mwaka 2023 chama cha soka cha Uingereza kilimfungia Ivan Toney wa Brentford miezi 8 kwa kubeti. Miongoni mwa madau yake ya miaka ya nyuma yalikuwamo 13 ya timu yake mwenyewe kufungwa, katika mechi ambazo hakucheza. Yaani hata yeye angeweza kusema sentensi yangu: sikuwa uwanjani, nilidhuru nini? Bado wengi wetu tuliosoma habari ile tulipofika kwenye zile 13 tulikunja uso kuliko kwa madau mengine yote. Kuna kitu tulikijua kabla hatujaweza kukieleza.

Nadhani ni hiki. Mchezaji ana miguu. Kocha ana mipango yake. Refa ana filimbi. Shabiki ana nini? Ukimwondolea shabiki yale matakwa yake, hakuna kinachobaki isipokuwa mtu aliyekaa kwenye jua akila kachri. Hiyo ndiyo kazi yake peke yake: kutaka. Kweli matakwa hayasukumi mpira, lakini ndiyo tuliyokuja nayo, na ndiyo wale vijana wanayoyahesabu wanapotazama pembeni kuona nani amekuja. Siku ile walihesabu watu wa Kibokoni, nami nikahesabiwa, kumbe sikuwepo.

Utetezi wa pili ni wa kijanja zaidi, na najua wengi wanautumia. Ni bima. Timu yangu ikishinda, napata furaha. Ikifungwa, napata mia tano ya kunipoza. Vyovyote iwavyo sirudi nyumbani mikono mitupu. Mwerevu gani angekataa?

Lakini bima ya kweli ina sharti lake. Mtu anakatia duka lake bima ya moto, halafu usiku analala akitaka duka lisiungue. Siku akianza kunusa moshi na moyo ukamchangamka, hiyo si bima tena, na kampuni yoyote ya bima inamjua mtu wa aina hiyo na inamwogopa. Mimi nilinusa moshi pale kwa ile kona, moyo ukachangamka. Nilidhani nanunua kinga dhidi ya huzuni, kumbe nilikuwa nauza furaha yangu kwa mia tano. Lilipokuja bao zuri kuliko yote niliyoyaona msimu ule, lililofungwa na mtoto wa jirani, sikuwa nayo tena.

Utetezi wa tatu ndio ulionisumbua zaidi: nilikuwa nasema ukweli. Tulikuwa dhaifu, kila mtu aliona. Je, uaminifu kwa wenzako unamaanisha kujidanganya? Lazima useme tutashinda wakati unajua hatuwezi?

Hapa ndipo narudi kwa ami na jahazi lake. Ami hakujidanganya. Alisema tutafungwa tatu, na bao la kwanza lilipoingia alijisifu kwamba alisema. Kwa mawazo, mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja. Huenda yeye alikuwa na shaka kuliko mimi. Lakini yeye alikuwa tayari kukosolewa. Alitaka aonekane mwongo. Kofia ilipomwanguka alikuwa mzee aliyekosea hesabu yake yote na hakuna aliyefurahi kumzidi. Mimi nilikuwa nimeilipia hesabu yangu, kwa hivyo nilihitaji iwe kweli. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Unaweza kuamini kwamba watu wako watashindwa na ukabaki wao. Ukianza kuhitaji washindwe, umeshahama, hata kama bado umekaa nao benchi moja.

Nilipofika hapo nikadhani nimemaliza: usibeti dhidi ya mtaa wako, basi. Lakini lipo jambo la nyuma zaidi, na nisipolisema nitakuwa nimeandika nusu.

Miaka miwili kabla ya siku ile nilikuwa beki wa kulia wa timu hiyohiyo. Niliacha. Mipira ya mazoezi ilikuwa miwili, mmoja unavuja upepo. Kocha alinunua maji kwa pesa yake. Kazi ya dukani ilinibana jioni. Sababu zote ni za kweli. Lakini sikuondoka kimya. Niliwaambia wenzangu, pale pale Serani, kwamba timu hii haifiki popote. Tangu siku hiyo kila walipofungwa nilikuwa nasikia kitu kikikaa sawa ndani yangu. Walifungwa nne, nikasema unaona? Wachezaji wawili wakahama, nikasema unaona? Kila kipigo chao kilikuwa cheti changu kwamba niliondoka kwa akili. Kwa hivyo dau la kinyozini halikuwa la kwanza. Nilikuwa nimeshaweka dau dhidi yao kwa miaka miwili bila shilingi hata moja. Ile mia tano ilikuja tu kulifanya lionekane.

Na hili dau lisilo na pesa ndilo naliona kila mahali sasa. Rafiki aliyekwenda Qatar akipiga simu huuliza, "Huko bado hakuna kazi?" na kuna namna anavyouliza, kama anayengoja jibu fulani. Aliyeacha chuo hufurahi kidogo akisikia waliomaliza wanatembea na vyeti mikononi. Aliyemwacha mchumba hataki kusikia kwamba kanawiri. Aliyesema mtaa huu umeoza huhesabu kila simu inayoporwa kama pointi yake. Hakuna hata mmoja wao mbaya. Kila mmoja alifanya uamuzi, na uamuzi wake unataka kulipwa, na pesa yake inatoka kwenye hasara ya aliowaacha.

Sisemi mtu asiondoke. Kuondoka ni haki, na mji huu wa bandari umejengwa na watu wa kuja na kuondoka. Sisemi pia kwamba lazima utake ushindi wa wenzako kwa lolote. Wangekuwa wanashinda kwa kumhonga refa ningetaka wafungwe, na ningewaambia usoni. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuondoka bila kuacha dau nyuma. Unaweza kusema, "Mimi hapa basi," ukaenda zako, na bado ukaruka siku wakifunga.

Kinyozi nilimlipa Jumatatu asubuhi. Alizichukua bila maneno, akazitia kwenye kibweta chake. Nilimuuliza kwani yeye aliamini kweli hatutafungwa. Akasema, "Aa wapi. Nilijua mia tano imekwenda." Kumbe naye aliona nilichokiona, akaweka pesa upande ambao hata zikipotea zimepotea na wenzake.

Msimu ulipoisha tulishuka daraja. Pointi ile moja haikutosha. Kwa hesabu za ligi mimi ndiye niliyekuwa sahihi tangu mwanzo, na siku ya mechi ya mwisho nilisimama pembeni ya uwanja nikiungojea ule mtulivu niliouzoea, kile kitu cha kukaa sawa ndani. Hakikuja. Namba saba alikuwa amekaa chini akifungua viatu, na iliniuma. Nilishukuru kwamba imeniuma.

Msimu ujao tunaanza chini. Nadhani tutapata tabu, beki wa kati bado ni yuleyule. Nitakuwepo Serani na ami, na mfukoni nitakuwa na pesa ya kachri tu.