KIJANA NA BUNDUKI YAKE YA KWANZA

Wazazi wengi wanatuletea ulizo moja: kijana akitaka kuanza kuwinda, tumpe bunduki gani? Linaonekana kuwa ulizo la sokoni, kama vile mtu anachagua jembe ao kinga. Lakini sisi tunaona ni ulizo la adabu. Kila silaha inafundisha kitu mkono unaoishika. Basi mbele ya kuuliza bei, tuulize kwanza: silaha hii itamfanya mtoto wetu kuwa mtu wa namna gani?

1. Mwindaji kwa wazee wetu

Katika Katanga yetu, mwindaji hakuwa mtu wa kuua tu. Waluba wanasimulia kama ufalme wao ulitokana na Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka upande wa mashariki. Mtoto wake, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo, mfalme mkali. Mbidi anakumbukwa juu ya heshima yake kuliko juu ya nyama alizoua: alikataa kula mbele ya watu, na wafalme wakafuata mfano wake. Upinde ukawa alama ya ufalme, na hata chombo cha kutundikia upinde kilitunzwa kama kitu kitakatifu.

Kwa Walunda, Chibinda Ilunga, mwana wa kifalme wa Kiluba, aliingia akiwa mwindaji, akaoa malkia Lueji. Masimulizi yanamweka katika nyakati ambazo bunduki ilikuwa haijafika kule. Lakini wachongaji wa Kichokwe, katika karne ya 19, walichonga sanamu zake, na katika baadhi ya sanamu hizo wakamshikisha bunduki. Hawakuona kama bunduki inamharibia jina. Basi wale wanaosema bunduki si ya desturi yetu hawasemi kweli yote. Bunduki iliingia katika desturi, na desturi haikutoka.

Lakini mtoto hakuanza na silaha kubwa. Alianza na mitego ya panya na ndege. Akafuata wakubwa pamoja na mbwa, akajifunza nyayo na upepo, akajifunza kunyamaza. Alibeba silaha ya mwingine muda mrefu mbele ya kushika yake.

2. Kati ya bunduki nne

Katika vijiji vyetu kijana anaweza kukutana na bunduki za namna nne.

Ya kwanza ni gobori, ile inayojazwa kwa mdomo wa mtutu. Wakoloni waliiacha mikononi mwa watu kwa sababu: Mkataba wa Bruxelles wa 1890 ulikataza Waafrika kupata bunduki za kisasa, lakini uliruhusu zile za zamani za jiwe na baruti. Uzuri wake ni kwamba iko na sasi moja. Ukiisha kupiga, unaanza kazi upya, na nyama haikungoji. Kwa hiyo mwindaji analazimika kukaribia na kuvumilia. Lakini nyingi zinatengenezwa na wahunzi kwa bomba la gari, bomba ambalo halikufanywa juu ya baruti. Linaweza kupasuka mbele ya uso wa mtoto. Tena vipande vya chuma vinavyojazwa ndani vinaumiza nyama bila kuiua. Inaenda kufa mbali, hakuna anayeila. Hii si kuwinda, ni kuharibu.

Ya pili ni karabini ndogo ya 22. Ni nyepesi, haisukumi bega, ndiyo maana wengi wanafikiri ni ya watoto. Kumbe sasi lake linaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja. Na nyuma ya majani ya pori yetu kuko mama anayetafuta uyoga, kuko mtu anayechoma makala.

Ya tatu ni Kalashnikov. Hapa hatusemi mingi. Ilifanywa juu ya vita. Watoto wa 1996 na 1997, wale tuliowaita kadogo, walipewa silaha hiyo mbele ya kufundishwa adabu yake. Katika mbuga ya Upemba, iliyoundwa 1939, bunduki za vita ziliua nyama na walinzi vilevile. Mwindaji wa kweli haigusi.

Ya ine ni kalibre 12 ya mtutu mmoja, ile inayokunjika katikati. Tunachagua hii. Ikikunjwa, kila mtu anaona kama iko na kartushi ao hapana. Chembe zake zinafaa mpaka karibu metre 30 ao 40 tu, basi kijana analazimika kuona vizuri kile anachopiga. Akiwa mwembamba, kalibre 20 inamfaa zaidi, maana anayeogopa kusukumwa anafunga macho. Kipimo ni hiki: kitako kikiwekwa ndani ya kiwiko, kidole kifikie fasi ya kufyatulia. Na zaidi ya yote, kati ya sasi la kwanza na la pili kuna nafasi ya kufikiri.

3. Bunduki ni ya nani?

Lakini hata bunduki nzuri inaweza kuharibu kijana, kama haina mwenyewe. Kwa Wambuti wa Ituri, nyama ni ya mwenye chombo kilichoiua. Ukiazima wavu ao upinde wa mwenzako, nyama inahesabiwa kuwa yake, kisha inagawanywa. Tunaona hekima ndani yake: kijana anajua tangu mwanzo kama nyama si yake peke yake.

Leo desturi ya namna hiyo imegeuzwa. Mtu wa mjini ananunua bunduki, anaituma ku kijiji pamoja na kartushi, anangoja nyama. Anachukua haki ya mwenye silaha, lakini mzigo wake hauchukui. Kijana akikamatwa, mwenye bunduki hajulikani. Kijana akiumiza mtu, anabaki peke yake mbele ya wazee. Tajiri huyo hakumpa kijana bunduki; alinunua kijana.

Ndugu wengine wanatuambia: kisha yale tuliyoona, kijana asipewe bunduki hata moja. Tunaheshimu maneno hayo, maana yanatoka katika maumivu. Lakini nguruwe wa pori na nyani wanamaliza mihogo na mahindi, na bunduki ziko tayari katika vijiji. Kijana asiyefundishwa na mjomba wake atafundishwa na mwenye vita.

Serikali nayo iko na neno lake. Sheria ya uwindaji ya 1982 inaomba ruhusa ya kuwinda, na ile ya silaha ya 1985 inaomba ruhusa ya kuwa na bunduki. Sheria ya 2009 juu ya watoto inasema mtoto ni yule asiyefikisha miaka 18. Sisi tunaongeza: mbele ya umri huo, afuate wakubwa, abebe mfuko, ajifunze nyayo. Bunduki itamkuta.

Akifika umri wake, bunduki ilale nyumbani mwa mzee, si chini ya kitanda cha kijana. Kartushi zitolewe kwa hesabu, na maganda yarudishwe kwa hesabu. Sehemu ya kwanza ya nyama iende kwa mwenye bunduki, kama desturi inavyotaka. Na siku ya kosa, mwenye bunduki asimame pamoja na kijana. Anayepokea mguu wa nyama, apokee na kesi yake.

Basi, mzazi anayetuuliza bunduki gani, tumemjibu: mtutu mmoja, sasi moja. Lakini kama hayuko tayari kujibu juu ya sasi hilo moja, aache bunduki dukani.