KIPANDE KILICHOBAKI NI CHA NANI?

Kijana mwenzangu, simama kidogo usome. Usiitupe karatasi hii, ni dakika tatu tu.

Tuseme wewe ni msaidizi wa fundi. Mmemaliza kufunga kaunta ya jikoni kwenye nyumba ya mtu. Pale uani kimebaki kipande cha granaiti: urefu sentimita 120, upana 60, unene 3. Kinang'aa! Moyo unakuambia, "Hiki nikikiwekea miguu, nimepata meza ya maisha." Wazo ni zuri kabisa. Lakini JE, KIPANDE HICHO NI CHA NANI?

Wengi husema, "Aa, si kimebaki tu? Si kitatupwa?" Kimebaki kwa nani, ndugu yangu? Kama mwenye nyumba alilipia bamba zima, basi alikilipia na hicho. Ni chake, hata kama hajui kwamba kipo. Kama alilipia kwa mita za kaunta iliyofungwa, basi bamba lilikuwa la mwenye karakana, na masalio ni yake. Umeona? Huku si chako, na kule si chako. Usiseme nimekikata kwa mikono yangu. Kazi ya kukata ulishalipwa!

Utasema, "Lakini wao wana uwezo, hawakihitaji." Sikiliza: mtu asiyekihitaji kitu bado hajakupa. Na kama kweli kitatupwa, kuomba kuna gharama gani? Ni maneno machache tu: "Mzee, naomba kile kipande." Ukiona mdomo unakuwa mzito kusema hivyo, ujue moyo wako umeshalijibu lile swali.

Ruthu, yule mjane Mmoabi, alikwenda kuokota masazo shambani. Sheria ya Israeli iliwaachia maskini na wageni masazo ya mavuno. Haki alikuwa nayo! Hata hivyo alimwomba kwanza msimamizi wa wavunaji. Mwenye haki aliomba. Je, asiye na haki abebe kimya kimya?

Haya, umeomba, umepewa. Sasa jenga, tena jenga kwa akili. Kipande hicho kina karibu kilo 58, zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Kibebeni watu wawili, kikiwa kimesimama kwa ubavu. Msikilaze mkononi, maana jiwe linavumilia kukandamizwa, lakini likipinda kidogo linakatika ghafla. Tengeneza fremu ya mbao ngumu au ya chuma, izunguke chini yote, na uweke ubao wa kukingama katikati. Pima kwa pimamaji. Fremu ikienda upande, ubao wa juu ungevumilia; jiwe halivumilii. Usilitoboe kwa skrubu, matone ya silikoni yanatosha kulishika. Ukilazimika kulikata, kata kwa maji na uvae barakoa inayozuia vumbi kweli, maana vumbi la granaiti linaharibu mapafu, na mapafu yakishaharibika hivyo hayarudi kama zamani.

Siku moja mgeni ataipapasa meza yako na kuuliza, "Jiwe zuri hili, umelipata wapi?" Utajibuje? Aliyeomba atasimulia huku anamimina chai. Aliyebeba usiku ataanza kuuliza habari za mvua. Meza zao zinafanana, miguu inafanana. Kinachozitenganisha ni yale maneno machache ambayo mmoja hakuyasema.

Rafiki, labda hata leo kuna kipande unakipigia hesabu. Si lazima kiwe jiwe. Inaweza kuwa nondo, rangi nusu kopo, au chenji ya bosi. Usingoje kesho, nenda kaombe! Akikataa, umekosa meza, lakini kesho unaingia kazini bila kumkwepa mtu. Akikubali, beba mchana kweupe, upitie mlango wa mbele.

UAMUZI NI WAKO.