Amina ya Wavuvi wa Thumba



Wiki hii nimekaa sana na picha moja aliyoipiga Mfaransa Henri Cartier-Bresson mwaka 1966. Wanaume wawili wako na baiskeli, na kwenye keria wamepakia ncha ya roketi, kama vile sisi tunavyopakia gunia la mkaa. Hapo ni Thumba, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Kerala, kusini mwa India.

Mwanasayansi Vikram Sarabhai alipataka pale kwa sababu ikweta ya sumaku ya dunia inapita karibu, na anga la juu la sehemu hiyo lina mambo ambayo roketi ndogo zinaweza kwenda kuyapima. Lakini ndani ya ardhi ile lilisimama Kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, na kulizunguka, nyumba za watu waliobatizwa na kufunga ndoa humo. Sarabhai akamwendea Askofu Peter Bernard Pereira. Abdul Kalam, mhandisi kijana katika kazi ile, alisimulia baadaye kwamba Askofu hakumpa Sarabhai jibu papo hapo. Alimwambia aje Jumapili. Siku hiyo aliwaeleza waumini jambo zima, kisha akawauliza: je, mwaitoa nyumba ya Mungu na nyumba zenu kwa kazi ya sayansi?

Wakajibu, Amina.

Ndugu zangu, neno hilo tunalitamka mara ngapi kwa siku? Wavuvi wale walilitamka huku wakijua kwamba watafunga mizigo. Wakahama, wakaenda kusali katika kanisa jingine.

Wahandisi wakaingia na vifaa vyao. Chumba cha kusalia kikawa maabara ya kwanza ya Kalam, na chumba cha Askofu kikawa cha kuchorea michoro. Jioni ya tarehe 21 Novemba 1963, roketi iliyotengenezwa Marekani ilitolewa kanisani ikapelekwa mahali pa kurushia. Kreni ya kuinyanyulia ikavuja mafuta, na saa ya kurusha ilikuwa imekaribia. Wasomi wale wakaishika roketi kwa mikono, wakaiweka sawa kwa nguvu za mabega yao. Ikapaa. Huko juu ikaachia mvuke wa sodiamu, na anga la magharibi likawa na wingu la rangi ya chungwa.

Nikisoma habari hiyo namkumbuka Bezaleli katika Kutoka, fundi ambaye Mungu alimjaza roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, ya shaba na ya mbao. Naamini kabisa kwamba roho huyo alikuwapo pale mikono ilipoishika ile roketi. Kalam alikuwa Mwislamu, mtoto wa mwenye mashua wa Rameswaram. Sarabhai alitoka katika familia ya Wajaini. Na paa lililowakinga mvua lilikuwa la Wakatoliki. Tarehe 20 Novemba 1967 wakarusha roketi yao wenyewe, yenye kipenyo cha milimita 75. Kijiji kikazaa kituo kikubwa cha kuunda roketi, ambacho leo kinaitwa kwa jina la Sarabhai. Kalam akawa Rais wa India mwaka 2002. Kanisa lile sasa ni makumbusho.

Wavuvi wanatajwa kwa jumla tu, wanakijiji. Mimi nawaona kuwa wafanyakazi wa kwanza wa kituo kile.

Hapa parokiani tumevutana tangu Kwaresima kuhusu kutoa hatua sita za kiwanja cha kanisa, ili gari la wagonjwa lipate njia ya kufika zahanati. Tumelijadili jambo hilo kwenye kamati, tumeandikiana barua, na mimi mwenyewe nimekuwa nikitafuta namna ya kulimaliza kimyakimya. Ninyi waumini sijawauliza hata mara moja. Jumapili hii, baada ya matangazo, nitawaeleza jambo lote lilivyo, pamoja na miembe itakayokatwa. Kisha nitauliza, ninyamaze, niwasubiri.