Wasia wa Marehemu na Kicheko cha Walio Hai: Tafakuri Kuhusu Fat Ham ya James Ijames

Swali ambalo makala haya yanalikabili ni la maadili kabla ya kuwa la fani: je, mwana anapoamriwa na baba aliyekufa amwage damu kwa jina la haki, ana wajibu wa kutii? William Shakespeare alilipa swali hili umbo la tanzia katika Hamlet, yapata mwaka 1600. Karne nne baadaye mtunzi Mmarekani Mweusi, James Ijames, amelipa umbo la ramsa katika Fat Ham, tamthilia iliyotunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka 2022. Yamkini wapo watakaosema kuwa kulitia swali zito namna hii katika kicheko ni kulikwepa. Sisi tunashikilia kwamba kicheko ndicho kinacholifikisha swali mahali ambapo tanzia haikulifikisha, ijapokuwa tutaonyesha pia kwamba mtunzi hakulipa gharama yote ya mwisho alioutaka.

Kasri la Denmark limegeuka ua wa nyumba ya kawaida katika majimbo ya kusini ya Marekani, na hafla ya kifalme imekuwa karamu ya nyama choma. Mwana wa mfalme ni Juicy, kijana Mweusi, mnene, mpole, anayewapenda wanaume wenzake, na anayesomea usimamizi wa wafanyakazi kwa njia ya intaneti hadi hapo mama yake na mume mpya wa mama wanapoitumia karo yake kutengenezea bafu. Baba yake, Pap, alikuwa mwenye mkahawa wa nyama. Alifungwa kwa kosa la kuua, naye akauawa humo humo gerezani. Muda mfupi baadaye mjane wake, Tedra, ameolewa na ndugu wa marehemu, Rev. Katikati ya shamrashamra mzuka wa Pap unatokea, unamshtaki Rev kuwa ndiye aliyepanga mauaji yale, na kumtaka mwana alipize kisasi. Jina la tamthilia lina mzaha wa makusudi: ham ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi, na pia ni mwanzo wa jina la Hamlet.

Hapa hatuna budi kugusia istilahi. Neno 'shoga', ambalo katika mwambao wetu ni mwito wa mapenzi baina ya mwanamke na mwanamke mwenziwe, hugeuka tusi pindi likielekezwa kwa mwanamume. Lugha iliyoweka urafiki na dharau katika neno moja inamwachia mhakiki kazi ngumu. Tumechagua kueleza badala ya kutaja, japo maelezo hurefusha sentensi.

Turudi kwenye wajibu. Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake tayari anapomsikia baba akisema kutoka kaburini. Kwetu amri hiyo si ombi. Ni wasia, na nyuma ya wasia kuna radhi. Mwana aliyekosa radhi za wazazi hafanikiwi, na mzazi akifa bila kuitoa mlango umefungwa, kwani hakuna wa kuombwa tena. Kwa hiyo kusita kwa Hamlet, ambako wahakiki wa Kizungu wamekujazia maktaba, kwetu kunaeleweka upesi: huyu ni mwana aliyekwama baina ya radhi ya baba na katazo la Mungu. Lakini ifahamike kuwa mapokeo yale yale yaliyotufunza radhi yanatufunza pia kwamba mzazi hatiiwi katika maasi. Mtoto akiambiwa na babaye aibe, na akakataa, hakuna mzee mwenye busara atakayemwita asi. Kwa nini basi kisasi kimekuwa na heshima ambayo wizi hauna? Nadhani ni kwa sababu kisasi huvaa joho la upendo. Aliyekataa kuiba hakumkana baba yake; aliyekataa kulipiza huonekana kana kwamba hakumpenda.

Ijames analivua joho hilo kwa hila ya jukwaani iliyo nyepesi kabisa: Pap na Rev huigizwa na mwigizaji mmoja. Hadhira haihitaji hotuba. Sura inayodai damu na sura inayodaiwa damu ni ile ile, na ukali ule ule uliomdharau Juicy kwa ulaini wake akiwa mtoto ndio unaomdharau sasa. Katika Hamlet mwana humtukuza babaye kama mfano wa utu, na ami humwona kama kivuli kilichoharibika cha mtu huyo. Tofauti hiyo ikifutwa, hoja ya kisasi hupoteza mguu mmoja. Juicy hatakiwi kuitetea haki dhidi ya dhuluma. Anatakiwa kuchagua upande katika ugomvi wa wanaume wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyemtaka alivyo.

Uzito wa chaguo hili unaonekana bora tukiyaweka matukio mawili bega kwa bega. Katika tendo la tatu Hamlet anamkuta Klaudio akisali, upanga u mkononi, naye anauzuia mkono wake. Si kwa huruma. Anaogopa kwamba aliyeuawa akiomba toba ataokoka, hivyo anangoja wakati ambapo roho pia itaangamia pamoja na mwili. Hii ni mojawapo ya fikira za kikatili zaidi katika tamthilia nzima, nasi huipita kwa sababu ushairi wake ni mzuri. Katika Fat Ham, Rev anasakamwa na kipande cha nyama. Mwana aliyeagizwa amuue ananyosha mkono amwokoe. Rev anakataa kuguswa na mkono ule, na anakufa.

Tukio hilo huchekesha, na wakati huo huo ni hukumu. Klaudio aliuawa kwa sumu aliyoitayarisha mwenyewe. Rev anauawa kwa nyama aliyoichoma na karaha aliyoilea. Hapa ramsa imefanya jambo ambalo tanzia ya kisasi haiwezi: imemweka muuaji mbele ya msamaha ulio na mikono na vidole, naye akauona mchafu kuliko mauti.

Hata hivyo kuna deni. Rev hafi kwa kosa aliloshtakiwa. Anakufa kwa kumchukia Juicy, si kwa kumuua Pap, na mauaji ya mfungwa gerezani yanabaki bila kesi, bila shahidi, bila hata mazungumzo marefu baina ya mke na mwana. Ule mchezo wa kufumba, ambao Juicy anautumia kumtega ami yake kama Hamlet alivyotumia waigizaji, unafichua hatia kisha hatia hiyo haina pa kwenda. Mtunzi amemnyima mwana kisasi, jambo jema, ila amempa mauti ya adui bure. Kukataa kisasi huku adui akibaki hai mezani mwaka baada ya mwaka ndio mtihani wenyewe, na tamthilia hii haikuufanya.

Kwa nini tusiione dosari hii kuwa kubwa mno? Kwa sababu ya nani waliomo jukwaani. Kijana Mweusi anayewapenda wanaume, anapotokea katika hadithi, aghalabu hadhira huanza kumwandalia sanda. Wahusika wa Ijames wanalijua hilo. Wanafikia mahali wanapotambua kuwa wamo katika tanzia na kwamba kanuni inawataka wauane, kisha wanaihoji kanuni. Larry, askari mwenye siri, ambaye kama Laertes angekufa kwa upanga, anarudi katika mavazi ya kumetameta, na mchezo unaishia katika dansi. Tangu Aristotle tumefunzwa kuwa tanzia ni ya watu bora na ramsa ni ya watu duni. Ijames amewachukua wale waliohesabiwa duni, akawapa nafasi za wana wa wafalme, kisha akakataa kuwalipisha heshima hiyo kwa uhai wao.

Jambo hili halituhusu kwa mbali tu. Mwongozaji aliyeipandisha Fat Ham jukwaani New York mwaka 2022, na kuifikisha Broadway mwaka 2023, ni Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya, ambaye mwaka 2025 aliongoza Twelfth Night na kuwafanya pacha wa Shakespeare wazungumze Kiswahili. Huku nyumbani Mahakama Kuu ilikataa, mwezi Mei 2019, kubatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya watu kama Juicy na Larry. Tafsiri ya Kiswahili ya Fat Ham ingekuwa, kwa hivyo, ahadi nzito zaidi kuliko Julius Caezar ya Julius Nyerere ya mwaka 1963 au Makbeth ya Samuel Mushi ya mwaka 1968, ingawa zote zingekuwa safari za mtunzi yule yule.

Na mfasiri huyo angekabiliwa, katika maneno ya Pap, na uamuzi mmoja mgumu: je, mzuka utaje radhi? Ukiitaja, Juicy wa Kiswahili atakuwa na mzigo ambao Juicy wa Kiingereza hakuwahi kuubeba, na kukataa kwake kutakuwa kukataa mbele ya laana. Mimi ningemshauri mfasiri aitaje.