Chubwi Mdomoni mwa Mtoto

Nilikuwa Talatala, wilayani Kyela, uani kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza mishipi yake kabla ya kushuka ziwani. Chubwi zake, vizito vya kuzamisha mshipi, ni vipande vya madini ya risasi: anavikata kwa kisu, anavipasua katikati, anapitisha uzi, kisha anavibana kwa magego. Mjukuu wake, wa miaka sita hivi, alikuwa amechuchumaa pembeni. Akaokota kipande, akakitia mdomoni, akauma kama babu.

“Babu, mwambie akiteme,” nikasema.

“Mimi nimeziuma tangu nikiwa mdogo kama yeye,” akajibu kwa upole, “na niko hapa.”

Simlaumu. Mtoto yule angesogelea Mto Kiwira wakati wa masika, babu angeruka kama kijana. Lakini risasi haichomi ulimi, haina harufu, na madhara yake hayaonekani siku ile. Mtoto hana namna ya kuiogopa. Kwa hiyo aogope mlezi kwa niaba yake, na hawezi kuogopa asichokijua. Ndiyo maana naandika.

Risasi inayochimbwa hutoka hasa kwenye galena, jiwe la kijivu linalong’aa, ambamo risasi imeshikana na salfa. Ukiligonga kwa nyundo linavunjika vipande vya mraba kama dadu, na uzito wake ni mara saba na nusu ya maji. Kilo moja ya galena safi ina risasi inayozidi gramu 860. Hapa Tanzania ilichimbwa Mpanda, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo, uliofungwa mwaka 1960. Wamisri wa kale waliisaga galena wakaipaka machoni kama wanja. Leo zaidi ya robo tatu ya risasi yote duniani inaishia kwenye betri.

Na betri ndiyo inayoileta uani. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Betri ya taa ikifa, yupo atakayeipasua, atoe mabamba, ayayeyushe apate chubwi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 tu, na moto wa kuni wa mafiga matatu unafika huko bila shida. Vumbi la risasi linatua kwenye mkeka, kwenye unga, kwenye viganja vya anayetambaa.

Mtoto akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mwili wa mtu mzima ungefyonza. Mwili unaidhani ni kalisiamu, unaihifadhi mifupani miaka mingi. Msichana akikua akashika mimba, inatoka mifupani na kumfuata aliye tumboni. Inayoumia zaidi ni akili. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo na mwepesi wa hasira, nasi tunamchapa tukisema ni mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mzee wangu yuko hapa, ni kweli, lakini hakuna anayejua angekuwa nani bila risasi ile.

Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani. Waliosaga walikuwa wazazi wakitafuta chakula cha watoto hao hao. Sijui habari inayoniuma kuliko hiyo.

Zamani, huko Kyela, wavulana wa Kinyakyusa wakifika miaka kumi hivi walijenga vibanda vyao, wakalala na rika lao, lakini chakula walikula kwa mama zao, kundi zima likipita nyumba hadi nyumba. Chungu cha mama mmoja kililisha watoto wa wengi. Vibanda vile havipo tena, ila watoto wa Kyela bado wanakula popote njaa inapowakuta. Kwa hiyo risasi ya ua mmoja inaweza kuwafikia watoto wa nyumba nyingi.

Basi, akina baba wa ziwani, chubwi ibanwe kwa koleo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Betri mbovu iuzwe nzima, isipasuliwe nyumbani. Na sufuria iliyoyeyusha risasi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ing’ae.